Usiuze Baa Ndefu ya Chenso kwa Kutaja Inchi Tu

Somo la leo ni kwa wanaouza vipuri kwa simu, hasa mlioanza kuingiza baa ndefu za chenso, kuanzia inchi 25 kwenda juu. Kwa asiyejua, baa ni ule upanga mrefu wa chuma unaotoka mbele ya mashine, ambao cheni inazunguka kwenye kingo zake.

Duka langu liko Kibaha. Wateja wangu wengi wako hapa mjini, Mlandizi, na upande wa Kisarawe mpaka Maneromango. Ufundi sikusomea darasani. Nilimaliza kidato cha nne nikaanza kuuza tupa na plagi, mengine nimeyapata kwa kusoma vitabu vya mashine na kukaa na mafundi. Ninachokuandikia hapa ndicho ninachotumia kila siku.

Baa ndefu zina soko huku kwetu. Viwanja vinapimwa, watu wanajenga, na kwenye viwanja hivyo kuna miembe na mikorosho ya miaka mingi, mingine shina lake watu wawili hawalikumbatii. Mwenye chenso akiitwa kuukata mti kama huo, kitu cha kwanza anachotafuta mtandaoni ni baa ndefu. Anakuandikia, "Una baa ya inchi 36? Bei gani?" Na wewe unajibu bei. Hapo ndo pesa inapoanza kupotea.

Piga hesabu ndogo. Tuseme faida yako kwenye baa moja ni shilingi 15,000. Mzigo ukienda Kisarawe kwa boda 8,000, haujaingia, ukarudi kwa boda nyingine 8,000 na umeahidi kulipia wewe, tayari uko hasara ya 1,000 na baa ina mikwaruzo. Na mteja? Alishaahidi kazi, vibarua wamekaa, mwenye kiwanja anapiga simu. Yeye kapoteza siku nzima. Huyo harudi kwako, na atawaambia wenzake.

Kwa hiyo shika hili: urefu ni swali la mwisho. Kuna maswali matano kabla yake.

1. MASHINE NI IPI?

Usikubali jibu la "ni Stihl" au "ni Husqvarna" peke yake. Omba namba ya modeli na picha ya mashine. Injini ndiyo inayoamua urefu inaoweza kuuzungusha.

Mwongozo wa haraka ninaotumia mimi ni huu. Mashine za cc 70 hivi, kama Stihl MS 381 au Husqvarna 372, nafasi yake ni inchi 20 mpaka 25, na 28 ni mwisho kabisa kwa zile zinazoruhusu. Mashine za cc 90 hivi, kama Stihl MS 660 na MS 661 au Husqvarna 395, zinaweza kufika 36. Juu ya hapo kuna majitu kama MS 880, yenye cc karibu 122, na hayo ndiyo ya baa ndefu kweli kweli. Lakini hakimu ni kitabu cha mashine. Kama kitabu kimesema mwisho inchi 25, mwisho ni 25.

Ukifunga inchi 36 kwenye mashine ya cc 72, itawaka na cheni itazunguka. Shida inaanza ikiingia kwenye mti. Injini inalemewa, mtu anakandamiza, klachi inapata moto, pampu ya oili haitoshelezi urefu wote, na ncha ya baa inakauka. Halafu anakwambia baa yako ni feki.

2. MKIA WA BAA UKOJE?

Mkia ni ile sehemu inayoingia ndani ya mashine. Una mambo matatu: uwazi mrefu wa kupitisha boliti, tundu la pini ya kukazia cheni, na tundu dogo la kupitisha oili. Stihl nyingi kubwa za kazi, uwazi wa boliti una upana wa milimita 12. Husqvarna nyingi za saizi hiyo ni milimita 9. Ukichanganya hapo hakuna kulazimisha.

Na usidhani Stihl zote zinapeana baa. Baa ya 880 sio ya 660, japo jina la kampuni ni moja.

Hatari kubwa ni ile baa inayoonekana kama imeingia kumbe tundu la oili halikulingana na la mashine. Mteja wangu mmoja wa Kisarawe alinunua baa ya namna hiyo kwa muuzaji mwingine wa mtandaoni. Iliingia vizuri, nati zikakaza, kazi ikaanza. Siku ya pili kingo zilikuwa na rangi ya bluu kwa kuungua, na mfereji umepanuka. Oili ilikuwa inamwagika pembeni, haifiki kwenye cheni. Aliniletea ile baa nimuuzie cheni mpya, nikamwambia ukweli kwamba cheni mpya juu ya baa hiyo ni kutupa pesa mara ya pili.

3. PICHI NI NGAPI?

Pichi ni wastani wa nafasi kati ya riveti na riveti ya cheni. Unaipata hivi: pima kutoka katikati ya riveti moja mpaka katikati ya riveti ya tatu, halafu gawa kwa mbili. Kwenye chenso kubwa utakutana sana na mbili: 3/8 na .404. Cheni ya 3/8 vipimo vya riveti tatu vitakupa kama milimita 19. Ya .404 vitakupa kama milimita 20 na nusu. Tofauti ni milimita moja na nusu tu, jicho linadanganyika. Tumia vernia.

Kwa cheni za Stihl kuna njia rahisi zaidi. Angalia kile kinundu kidogo kilicho mbele ya jino la kukata. Kimegongwa namba: 3 maana yake 3/8, na 4 maana yake .404. Mwambie mteja asafishe cheni kwa kitambaa, apige picha karibu, akutumie.

Pichi ya cheni, ya sproketi ya mashine, na ya kigurudumu cha puani mwa baa lazima zifanane zote tatu. Moja ikipishana, meno yanapanda juu ya meno na kila kitu kinalika.

4. GEJI NI NGAPI?

Geji ni unene wa yale meno ya chini ya cheni, yanayotembea ndani ya mfereji wa baa. Kwenye mashine kubwa ni milimita 1.3, 1.5 au 1.6. Stihl kubwa nyingi hutumia 1.6, na Husqvarna nyingi hutumia 1.5. Cheni ya 1.6 haiingii kwenye mfereji wa 1.5, hiyo mteja ataiona mwenyewe. Mbaya ni cheni ya 1.5 kwenye mfereji wa 1.6. Inaingia bila shida, ila inayumba, inakata kwa kupinda, na kwenye baa ndefu upindaji unaongezeka kila inchi.

5. CHENI INA MENO MANGAPI?

Hesabu meno ya chini, yote, mzunguko mzima. Mwambie mteja aweke alama kwa chaki pale anapoanzia. Kwa Stihl, baa ya inchi 36 yenye pichi 3/8 mara nyingi huchukua meno 114, na ya inchi 25 huchukua 84. Lakini kampuni zinapishana, kwa hiyo usiuze kwa kukumbuka.

Hapa kuna kitu cha faida kwa wanaonunua cheni ya roli. Roli ya futi 100 ya pichi 3/8 huwa na meno kama 1,640. Ukikata cheni za meno 114 unapata 14, na yanabaki meno 44. Ukikata za meno 84 unapata 19, na yanabaki 44 vilevile. Hayo 44 hayafiki hata cheni moja ya baa ndefu, kwa hiyo gharama yake iweke kwenye bei za zile nyingine tangu mwanzo. Usisubiri mwisho wa roli ndo ushangae faida imeenda wapi.

SASA NDO UULIZE INCHI

Na hata hapo kuna mtego. Inchi za baa hazipimwi kuanzia mkiani. Zinapimwa kuanzia pale baa inapotokea kwenye mashine mpaka ncha ya pua, yaani sehemu inayokata. Mteja akiweka futikamba baa nzima akakwambia ana inchi 38 au 39, inawezekana kabisa anahitaji 36. Wewe pia ukiandika tangazo usipime baa nzima, soma kilichogongwa kwenye chuma.

Halafu muulize mti wenyewe una upana gani. Watu wengi wanaamini baa lazima ivuke shina zima. Sio lazima. Fundi anayeijua kazi anaweza kukata shina lenye upana unaokaribia mara mbili ya baa yake kwa kuingia pande zote mbili. Mwembe wa upana wa mita moja unakatika kwa baa ya inchi 25, ambayo ni kama sentimita 63. Asiyejua mbinu hiyo asijaribie kwenye mti mkubwa, amtafute anayejua.

Niwape mfano wa mazungumzo yangu na mzee mmoja wa upande wa Maneromango, aliyekuwa anataka kukopa kwenye kikoba chao ili anunue baa ya 36.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nitumie ile baa ndefu, kesho nina kazi ya mwembe."

"Mashine yako namba ngapi, mzee?"

"Mia tatu themanini na moja."

"Mzee wangu, hiyo 36 itakuua mashine. Mwembe una upana gani?"

"Mita moja, labda na kidogo."

"Baa uliyonayo ya 25 iko hai bado?"

"Iko, ila inakata kwa kupinda."

Nikamuomba picha. Baa ilikuwa nzima, ila kingo zimeota ncha kali na upande mmoja umelika kuliko mwingine, kwa sababu ilikuwa haijawahi kugeuzwa. Nikamuuzia cheni moja, tupa mbili na lita za oili ya cheni. Pesa niliyopata siku hiyo ilikuwa ndogo kuliko ya baa ya 36, nakiri. Ila yule mzee hakuingia deni la kikoba kwa kitu ambacho kingemuulia injini, na mpaka leo cheni zake anachukua kwangu.

PUA YA BAA: NGUMU AU YA KIGURUDUMU?

Baa ndefu zina pua za aina mbili. Ya kwanza ina kigurudumu cha meno puani, cheni inapita kwa wepesi na injini haichoki sana. Ya pili haina kigurudumu, pua yake ni chuma kigumu kilichoongezewa ugumu. Hiyo inavumilia mchanga na uchafu, ila inakula nguvu na inataka oili nyingi. Kwa mtu wa kukata miti viwanjani kila siku, wengi nawapa ya kigurudumu. Kwa anayekata magogo yaliyolala mchangani, namwambia kwanza afagie gogo, halafu tuongee habari ya pua ngumu. Mchanga unamaliza cheni kwa dakika chache, pua iwe yoyote. Na anayekata minazi mwambie mapema: mnazi unafanya cheni iwe butu haraka, abebe cheni ya akiba.

MATUNZO: MTUMIE MTEJA ORODHA HII

Kila ninapotuma baa, natuma na ujumbe huu. Unakili, weka jina la duka lako.

Kwanza, geuza baa juu chini kila unapobadilisha au kunoa cheni. Upande wa chini ndio unaofanya kazi kubwa, usipougeuza unalika peke yake.

Pili, safisha mfereji kwa kitu chembamba cha bapa, na zibua tundu la oili. Unga wa mbao uliochanganyika na oili ukikauka unakuwa kama simenti.

Tatu, pitisha tupa bapa kwenye kingo kuondoa zile ncha zinazoota pembeni. Ukipitisha kidole ukahisi wembe, umechelewa.

Nne, pima kina cha mfereji. Kwa pichi 3/8 kisipungue milimita 6, kwa .404 kisipungue 7. Kikipungua, meno ya chini ya cheni yanagusa sakafu ya mfereji, cheni haikai tena juu ya kingo. Hapo baa imekufa, hata kama inang'aa.

Tano, jaribu oili kabla ya kazi. Washa mashine, elekeza ncha ya baa kwenye boksi au gazeti bila kugusa, acha kama sentimita 20, vuta mafuta nusu. Mstari wa oili ukionekana, endelea. Usipoonekana, zima.

Sita, usiweke oili chafu ya gari. Najua ni rahisi na wengi wanatumia. Imeshachoka, haishiki kwenye cheni, ina vumbi la chuma ndani yake, na ni mbaya kwa ngozi yako. Kwenye baa ndefu oili ina safari ndefu, inahitaji ile nzito ya cheni.

Saba, kaza cheni ikiwa ya baridi, mpaka iguse upande wa chini wa baa lakini uweze kuivuta kwa mkono, ukiwa umevaa glavu na mashine imezimwa. Baa ndefu inalegea mapema, kwa hiyo iangalie mara kwa mara. Ukimaliza kazi ilegeze, maana cheni ya moto ikipoa inajivuta.

Nane, badilisha sproketi kila baada ya kumaliza cheni mbili. Sproketi iliyolika inaua cheni mpya, na cheni iliyokufa inaua baa.

Tisa, usikate kwa ncha ya juu ya pua. Hapo ndipo mashine inapomrukia mtu usoni. Baa ndefu ncha yake iko mbali na macho, inagusa tawi la nyuma bila wewe kujua.

KUJUA BAA DHAIFU KABLA HUJAINUNUA

Unapofuata mzigo Kariakoo, beba tupa ndogo na rula. Omba ruhusa, gusa ukingo wa baa kwa tupa sehemu ya mkiani. Chuma kizuri tupa inateleza. Ikiuma kirahisi kama inakata msumari, iache. Lenga baa kwa jicho moja kama unavyolenga ubao, uone kama imepinda. Zungusha kigurudumu cha pua, kisikwame wala kisicheze pembeni. Soma maandishi: baa ya maana imegongwa urefu, pichi, geji na idadi ya meno. Na kama sio ya kampuni fulani, usiandike kwenye tangazo kwamba ni ya kampuni hiyo. Andika "inaingia kwenye modeli fulani". Mteja anaheshimu hilo.

TANGAZO LAKO LIWE NA PICHA TANO

Baa nzima. Mkia kwa karibu, na rula pembeni. Maandishi yaliyogongwa. Pua. Mfereji ukiwa umelengwa kwa juu. Chini yake andika: modeli zinazoingia, pichi, geji, meno, inchi za kukata. Utaona maswali ya "bei gani" yanapungua na wanaokuja wanakuja kununua.

La mwisho, na ni la muhimu huku kwetu. Tumezungukwa na hifadhi: Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, Ruvu Kusini, Ruvu Kaskazini upande wa Kibaha. Uvunaji kwenye misitu hiyo unasimamiwa na TFS chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002. Mteja mpya wa chenso mwelekeze aende ofisi ya TFS ya wilaya kuuliza habari ya kibali na usajili wa mashine kabla hajaanza kazi. Akikamatwa, mashine inakaa ndani, na wewe umepoteza mteja wa cheni.

Haya, kazi kwenu. Hifadhi posti hii, na kama una baa dukani ambayo hujui inaingia mashine gani, piga picha ya mkia na maandishi, weka kwenye komenti tusaidiane kuisoma.